Pambo na Tendo katika Gari Dogo

Pambo ni jambo la kale sana katika maisha ya binadamu. Hapana taifa lililopata kuishi bila ya pambo, wala hapana chombo kilichopendwa ambacho mkono wa mtu haukutamani kukitia nakshi. Jahazi lilichorwa jicho katika omo, kisu kikatiwa mpini wa pembe, mlango ukachongwa maua. Hakuna aliyelaumu mambo hayo. Lakini pambo lina ndugu ambaye sura yake hufanana nalo mno, naye ni udanganyifu. Hawa wawili huvaa nguo moja, hupita njia moja, na mara nyingi huuzwa katika duka moja kwa bei moja. Kuwapambanua ni kazi ya akili. Na kazi hiyo huwa nzito zaidi pale mnunuzi anapotoa mshahara wa miezi mingi, na pale kitu kinachonunuliwa kinapoweza kuua.

Katika biashara ya motokaa udugu huo huonekana wazi. Viwanda vingi vitengenezavyo gari dogo la watu wa kipato cha kadiri hutoa pia, mara kwa mara, toleo maalumu la gari lile lile lenye sura ya mbio. Hupigwa mistari, hupewa magurudumu mapana, usukani mdogo wa ngozi, viti vyenye mbavu za kumkumbatia dereva, na jina lenye harufu ya uwanja wa mashindano. Bei yake hupanda. Swali ni hili: je, alipaye ziada ile hupata kitu zaidi ya sura? Na kama hapati, je, amedhulumiwa? Swali la kwanza ni la fundi, na la pili ni la mwanafalsafa. Lakini la pili haliwezi kujibiwa na mtu aliyelikimbia la kwanza. Wengi wahukumuo mapambo hawajapata kufunua boneti, na wengi wafunuao boneti hawajapata kujiuliza uongo ni nini.

Mfano ufaao ni wa gari la Kiingereza liitwalo Mini, kwa kuwa katika umri wa gari hilo moja namna zote za pambo zilipata kuonekana. Mini lilizaliwa kwa dhiki. Mwaka 1956 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, mafuta yakawa haba Uingereza, na shirika la British Motor Corporation likamtaka mhandisi wake Alec Issigonis abuni gari dogo litakalokunywa mafuta kidogo na kuchukua watu wanne. Issigonis alilaza injini kwa upana badala ya urefu, akaweka gia chini yake, akapeleka nguvu katika magurudumu ya mbele, na magurudumu yenyewe akayafanya ya inchi 10 tu. Gari lililotolewa mwezi wa Agosti 1959 lilikuwa na urefu wa mita 3 na kidogo, injini ya sentimita za ujazo 848, na nguvu ya farasi 34. Pambo halikuwamo. Bawaba za milango zilikaa nje, vioo vya madirisha vilifunguliwa kwa kusukumwa upande, na mlango ulifunguliwa kwa ndani kwa kuvuta kamba. Ulikuwa ni umaskini wa makusudi, nao ulikuwa na heshima yake: kila kilichokuwamo kilikuwamo kwa sababu.

Lakini kazi njema huzaa matunda ambayo mfanyaji hakuyakusudia. Kwa kuwa magurudumu yalisimama katika pembe nne kabisa za gari, na kwa kuwa uzito ulikuwa karibu na ardhi, Mini lilipinda kona kwa wepesi ambao magari ya bei kubwa hayakuwa nao. John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mbio ambayo yalimpa Jack Brabham ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960, aliuona wepesi huo akatamani kuuongezea nguvu. Issigonis hakupendezwa na shauri hilo; yeye alikuwa amebuni gari la watu wote, si la mashindano. George Harriman, mkubwa katika shirika, alikubali yajengwe magari 1,000. Likatoka mwaka 1961 gari lililoitwa Mini Cooper.

Inafaa kutazama kilichobadilishwa, kwa maana hapo ndipo hukumu ilipo. Injini ilikuzwa hadi sentimita za ujazo 997, ikapewa kabureta mbili badala ya moja, na nguvu ikapanda kutoka farasi 34 hadi farasi 55. Walakini, kwa mtu mwenye busara, badiliko kubwa halikuwa hilo. Katika magurudumu ya mbele zilitiwa breki za diski, ambazo hubana bamba la chuma kutoka pande mbili na kupoa upesi kwa upepo, badala ya breki za ngoma, ambazo hushika kwa ndani na kupungua nguvu zikipata moto. Wenye kulitengeneza gari hilo walijua kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, kazi ya kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Mtu aongezaye mwendo bila ya kuongeza breki ametoa ahadi kwa dhamana ya watu wengine, na watu hao ndio wapitao kando ya barabara kwa miguu.

Kwa nje Cooper lilitofautiana na nduguye kwa mambo machache: paa la rangi nyingine, wavu wa mbele wa namna yake, na jina. Pambo lilikuwa dogo na tendo lilikuwa kubwa. Basi jibu la swali la kwanza, kwa gari hili, ni kwamba ndiyo, kilikuwapo kitu zaidi ya sura; na kitu hicho kiliweza kupimwa kwa saa, kwa kamba na kwa mizani.

Hata hivyo, kweli yenyewe ina kiasi, na mnunuzi hana budi kukijua kiasi hicho. Nguvu ya gari lile ilizidi kwa zaidi ya sehemu sita katika kumi, lakini mwendo wake wa mwisho ulipanda kutoka kilomita 116 hivi kwa saa hadi 137 hivi, yaani kwa sehemu mbili katika kumi bila kutimia. Sababu ni hewa. Upinzani wa hewa hukua upesi kuliko mwendo, na nguvu itakiwayo kuushinda hukua upesi zaidi. Kwa hiyo hata gari la kweli la mbio hutoa machache kwa kila farasi anayeongezwa, na farasi wa mwisho ndiye mlaji kuliko wote. Msifu magari hutaja farasi. Dereva mzoefu huuliza breki, springi na usukani. Gari la kweli la mbio halitambuliwi kwa namna lionekanavyo liendapo, bali kwa namna linavyotii liambiwapo lisimame.

Mwaka 1963 lilifuata toleo kali zaidi, Cooper S, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,071, nguvu ya farasi 70, na diski kubwa kuliko za kwanza. Gari hili lilikwenda Monte Carlo mwezi wa Januari 1964, katika mashindano ya njia za milima yenye barafu, na Paddy Hopkirk akashinda nalo mbele ya magari makubwa. Mwaka 1965 akashinda Timo Mäkinen, na mwaka 1967 Rauno Aaltonen. Mwaka 1966 Mini tatu zilifika katika nafasi tatu za kwanza, lakini waamuzi waliziondoa kwa kasoro ya taa zao, na ushindi ukapewa Citroën ya Pauli Toivonen. Hukumu hiyo ilileta maneno mengi, na maneno hayo hayajesha. Lakini ndani yake lipo funzo lililo kubwa kuliko ugomvi. Uwanja wa mashindano uliweza kuondoa gari kwa ajili ya taa. Duka halijapata kuondoa gari kwa ajili ya mstari.

Tofauti hiyo ya uwanja na duka ilikuwa na daraja, na daraja hilo lilikuwa kanuni. Mashindano ya aina ile hayakuruhusu kiwanda kuleta gari moja la ajabu lililojengwa usiku kwa siri. Yalitaka kwanza gari lijengwe kwa idadi iliyoamriwa na kuuzwa kwa watu. Magari 1,000 ya kwanza ya Cooper yalikuwa, kwa maana hiyo, ni hati ya mapatano: kitakachoshinda mlimani ndicho kilicho dukani. Ni nadra sana sheria ya mchezo kuwa pia sheria ya ukweli, lakini hapa ilikuwa hivyo. Toleo maalumu halikuzaliwa na mchora mistari. Lilizaliwa na masharti, na mistari ikaja baadaye kama kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutendeka.

Kumbukumbu, lakini, huweza kuuzwa mbali na jambo lenyewe. Mwaka 1969 lilitolewa Mini jingine, 1275 GT, lenye injini ya ukubwa sawa na Cooper S ya mwisho, lakini nguvu yake ilikuwa farasi 59 hivi badala ya 76. Na katika mbavu zake lilipigwa mistari mikubwa kuliko Cooper yoyote ya kiwanda kabla yake. Mwaka 1971 jina la Cooper likaachwa huko Uingereza. GT halikuwa uongo, kwa kuwa breki za diski lilikuwa nazo na nguvu ililizidi gari la kawaida. Lakini kwa mara ya kwanza mstari ulikua na tendo likapungua. Katika miaka ya 1980 yakafuata matoleo yenye majina ya fahari ya jiji la London: Ritz, Chelsea, Piccadilly, Park Lane. Rangi zilikuwa mpya, vitambaa vya viti vilikuwa vipya, na chini ya boneti ilikaa injini ile ile ya sentimita za ujazo 998. Hakuna aliyeonewa hapo, maana jina la Ritz halikumwahidi mtu chumba katika hoteli. Lakini mwaka 1989 likatoka toleo lililoitwa Racing, yaani la mbio, la rangi ya kijani ya magari ya mashindano ya Uingereza na paa jeupe lililokumbusha Cooper. Na injini yake ilikuwa ile ile ya gari la kwendea sokoni. Hapo nakshi ilianza kusema neno ambalo chuma hakikulijua.

Uingereza haikuwa peke yake. Ujerumani, mwaka 1973, Volkswagen ilitoa toleo la gari lake la mgongo wa kobe lililopakwa manjano na kutiwa boneti nyeusi, likaitwa mkimbiaji wa manjano na nyeusi. Yalijengwa 3,500. Lilikuwa na viti vya mbio, usukani mdogo na magurudumu mapana. Lakini nguvu yake ilikuwa farasi 50, sawasawa na ndugu zake wasio na rangi hizo. Hakimu mwadilifu atasema kwamba magurudumu mapana yaliongeza mshiko, na kwamba mshiko si sura. Ni kweli. Lakini jina lilikuwa mkimbiaji, na mbio hazikuongezwa. Miaka mitatu baadaye kiwanda hicho hicho kilitoa Golf GTI, ambalo lilikuwa kinyume cha hilo. Wahandisi wachache walikuwa wamelianza kwa kificho. Nguvu ilikuwa farasi 110 katika gari dogo la familia. Na pambo lilikuwa uzi mwekundu kuzunguka wavu wa mbele, kitambaa cha mirabaraba katika viti, na kifundo cha gia mfano wa mpira wa gofu. Kiwanda kilitazamia kuuza 5,000, na magari ya kizazi hicho cha kwanza yakapita 460,000. Kizuri chajiuza.

Katika miaka ya karibuni desturi imekwenda mbali zaidi, maana maneno mawili ya karibu sana hutumika kwa vitu viwili vya mbali sana. Mpaka lilipokoma kutengenezwa mwaka 2023, Ford Fiesta liliuzwa kwa jina la ST, ambalo lilikuwa gari la nguvu ya farasi 200, na kwa jina la ST-Line, ambalo lilikuwa na sura ya lile la kwanza na springi ngumu kiasi, lakini lilichukua injini za magari ya kawaida. Hakuna uongo ulioandikwa mahali popote. Orodha ya bei husema kweli tupu kwa kila asomaye. Walakini neno liliwekwa karibu na neno ili jicho lifanye kazi ambayo mkono wa muuzaji haukuthubutu kuifanya.

Baada ya kusikiliza fundi, yafaa sasa kumsikiliza mwanafalsafa. Wako wasemao kwamba pambo lolote lisilo na kazi ni uongo, na kwamba gari lililovaa sura ya mbio bila mbio ni kama mkakasi wa methali, ambao uzuri wake ni wa nje na ndani ni kipande cha mti. Hoja hii ina nguvu, lakini imekata mti mzima ili kuondoa tawi moja. Katika Mji Mkongwe wa Unguja iko milango iliyopigwa misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Husimuliwa kwamba asili ya misumari ile ni Bara Hindi, ambako ilizuia tembo wasivunje milango. Unguja haina tembo wa kuvunja milango. Msumari ulivuka bahari ukaacha kazi yake nyuma, ukawa pambo. Na hakuna mwenye akili atakayesimama mbele ya mlango ule na kumshtaki seremala kwa udanganyifu. Kitu kinaweza kufa katika kazi na kuishi katika uzuri. Mstari wa mbio juu ya gari dogo una asili ya namna hiyo: uwanjani ulisaidia macho kutambua gari kutoka mbali, na mtaani hausaidii kitu, ila unapendeza.

Basi tofauti haimo katika kuwapo au kutokuwapo kwa kazi. Imo katika ahadi. Kijana avaaye fulana yenye jina la mchezaji mashuhuri wa mpira hamdanganyi mtu, kwa sababu hakuna amwonaye akadhani kwamba ndiye mchezaji. Lakini mtu avaaye sare ya askari bila kuwa askari ametenda kosa, ingawa kitambaa cha sare si ghali kuliko kitambaa cha fulana. Fulana ni shangwe na sare ni ahadi. Mwenye fulana akiombwa acheze atacheka. Mwenye sare akiombwa msaada na mtu aliyevamiwa, na asiweze kuutoa, aibu yake haina kicheko. Toleo maalumu la gari dogo husimama kati ya mavazi haya mawili, na bei ndiyo ionyeshayo limeegemea wapi. Ikiwa ziada iliyoombwa ni ya kitambaa na rangi, imeuzwa fulana. Ikiwa ziada iliyoombwa ni ya umahiri, na umahiri haumo, imeuzwa sare.

Hata hivyo liko pingamizi jingine, nalo ni zito kuliko la kwanza. Husemwa kwamba sura tupu ni afadhali kuliko tendo. Kenya na Tanzania, mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria katikati ya makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Gari la farasi 34 laweza kuufikia, na gari la farasi 200 halina ruhusa ya kuupita. Kama ni hivyo, mnunuzi wa gari la kweli la mbio amenunua kitu asichoweza kukitumia bila ya kuvunja sheria au mfupa wa mtu, na mnunuzi wa sura amepata furaha yake bila ya madhara. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980, magari madogo yenye nguvu yaliibwa sana na kupata ajali nyingi, hata malipo ya bima yake yakawashinda vijana wengi waliokuwa wakiyatamani. Je, haikuwa heri lau vijana wale wangalipewa mistari tu? Je, si ajabu kwamba uongo huu waweza kuokoa roho ambazo kweli ingaliziangamiza?

Pingamizi hili halijibiki kwa kulidharau. Ni kweli kwamba mwendo si fadhila. Ni kweli pia kwamba gari lenye nguvu katika mikono michanga ni kisu katika mikono ya mtoto. Lakini hoja ina ufa katika mahali pawili. Kwanza, inadhani kwamba sura haina amri juu ya avaaye. Mavazi humfundisha mtu mwendo. Mtu akivishwa joho huenda polepole, na akivishwa viatu vya mbio hutamani kukimbia. Gari lililopewa sura ya mbio humwalika dereva afanye yale ambayo chuma chake hakikuandaliwa kuyafanya. Na hapo sura tupu huwa hatari kuliko tendo, kwa sababu Cooper liliongeza diski pamoja na farasi, ilhali mstari huongeza hamu bila ya kuongeza breki. Bawa la nyuma lililobandikwa juu ya gari la mjini halishiki gari chini kwa mwendo wa mjini, maana nguvu ya hewa kwa kilomita 40 ni sehemu moja tu katika tisa ya ile ya kilomita 120. Lakini bawa lile linaushika moyo wa kijana tangu gari likiwa limesimama.

Pili, hoja inachanganya umahiri na mwendo, kana kwamba gari la mbio halina jema jingine ila kukimbia. Shahidi wa kuibatilisha ni mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya aliyashinda kwa gari dogo, Mitsubishi Lancer toleo la 1600 GSR, na Björn Waldegård mwenye Porsche 911 akawa wa pili. Mwaka 1976 Joginder Singh akashinda tena kwa Lancer. Gari lake halikuwa na nguvu kupita yote. Lakini katika njia za mawe, matope na vumbi, kwa maelfu ya kilomita, kilichoshindana si mwendo peke yake: ni bodi isiyopasuka, springi zisizovunjika, na dereva ajuaye wakati wa kulionea huruma gari. Umahiri ni ulinganifu wa chombo na kazi yake. Gari lililoimarishwa kwa ajili ya Safari lilikuwa na wema ambao hata mwalimu wa shule ya kijiji, aendaye kilomita 30 kwa saa katika njia mbovu, angeutamani. Kadhalika breki njema ni njema kwa kilomita 50 kama ilivyo kwa 150. Huenda ni njema zaidi, kwa kuwa watoto hukatiza njia mijini, si uwanjani.

Kwa hiyo toleo la kweli halijitetei kwa mwendo wake, bali kwa utii wake. Lau lingekuwa na mwendo tu, wapinzani wangekuwa na haki ya kulifungia. Lakini usukani ujibuo upesi, magurudumu yashikayo, breki zisizochoka, hivyo ni vitu vya kuokoa kabla ya kuwa vitu vya kustarehesha. Na starehe yenyewe si haramu. Mtu apendaye kuendesha vizuri, ambaye hufurahi kona ikipindwa sawasawa kwa mwendo wa halali, ana furaha iliyo jirani na ya nahodha na ya mpiga ngoma: furaha ya mkono uliofundishwa. Gari lililotengenezwa kwa uangalifu huikuza furaha hiyo. Gari lililopakwa rangi huiigiza tu.

Imebaki kugawa lawama, maana katika mambo haya wako watu watatu: muuzaji, mnunuzi na mtazamaji. Muuzaji ana wajibu mwepesi kueleweka na mgumu kutimizwa: jina lisiahidi kuliko chuma. Auze mistari na aiite mistari. Akisema mbio, awe tayari kuonyesha kabureta, diski na springi. Ukweli ulioandikwa kwa herufi ndogo katika orodha ya bei haumtoi katika lawama, kama neno kubwa lililobandikwa mlangoni liliwekwa ili orodha isisomwe.

Mnunuzi naye si kondoo. Aghalabu huijua kweli na huikwepa. Hakuna aliyefunikwa macho alipoona kwamba injini ni ile ile. Yeye mwenyewe alifumba, kwa kuwa alitaka majirani wafumbue yao. Udanganyifu wa namna hii hauanzi kiwandani. Huanza katika moyo wa mtu apendaye kuheshimiwa kwa ushujaa asioufanya, na kiwanda huja baadaye kama mfanyabiashara yeyote aletaye bidhaa mahali penye haja. Mtu huyu hajadhulumiwa fedha, maana alipata alichokitaka. Amejidhulumu nafsi, na dhuluma ya namna hiyo haina mahakama. Lakini si wanunuzi wote walio hivyo. Yuko aliyependa rangi ya manjano kwa kuwa ni manjano, na akalipa kwa furaha akijua kwamba farasi ni 50. Huyo hana kosa lolote, na mwanafalsafa amkaripiaye ni mtu asiyejua thamani ya manjano.

Mtazamaji ndiye asahauliwaye. Yeye husimama kando ya njia, huona mstari, humwonea wivu mwenye gari au humdharau, na mara zote mbili huwa amehukumu ngozi. Kama watazamaji wangejifunza kuuliza gari linasimamaje kabla ya kuuliza linafananaje, biashara ya sura tupu ingedhoofu bila ya sheria wala faini. Tamaa ya mnunuzi hunywa katika kisima cha macho ya watu.

Basi je, matoleo ya mbio ya magari madogo yana kitu zaidi ya sura? Baadhi yanacho, na baadhi hayana, na jina halitoshi kuyatenga. Jina la Cooper lenyewe, ambalo mwaka 1961 lilikuwa tendo, liliweza baadaye kukumbukwa kwa paa jeupe juu ya injini ya sokoni. Kipimo ni kimoja. Liondolewe pambo lote, rangi ifutwe, jina litolewe, kisha liendeshwe na mtu asiyejua ameketi katika nini. Kama akifika kona ya kwanza na breki ya kwanza atasema kwamba hili ni gari jingine, pambo lililoondolewa lilikuwa shahidi wa kweli, nalo lirudishwe kwa heshima. Kama hatasema neno, pambo lile lilikuwa pambo tu. Aliyelinunua kwa bei ya rangi hakupunjwa, na aliyelinunua kwa bei ya mbio atazame upya hati ya mauzo, kisha autazame moyo wake, ajue ni upi kati ya hivyo viwili uliotia sahihi kwanza.